Nina milioni 3.5, nataka baiskeli ya greveli. Ninunue ipi?

Swali: Habari mtaalamu. Nipo Arusha, naendesha mtb (baiskeli ya milimani) ya mtumba, asubuhi naenda nayo kazini Njiro na wikiendi napanda Monduli au Olmotonyi na washkaji. Nimejichanga nimefika milioni 3.5 nataka baiskeli ya greveli, braza wangu yupo Ujerumani anarudi mwezi wa 12 na kasema atanibebea. Nina urefu wa sm 178, kilo 84. Nimesoma mtandaoni mpaka kichwa kinauma. Kaboni ya mtumba au alumini? Sproketi moja mbele au mbili? Breki za mafuta au za waya? Nisaidie kaka.

Jibu: Poa sana kaka, na kuwa na braza anayerudi mwezi wa 12 ni nusu ya kazi imeisha. Milioni 3.5 ni kama euro 1,200 hivi kutegemea siku mtakayobadilisha, na kwa Ujerumani hiyo ni hela ya katikati kabisa, inakupa mashine ya maana ila haikuachii nafasi ya kununua kwa sifa. Maswali yako matatu ntayajibu yote, ila umeliruka moja ambalo kwa barabara zetu ndo linaamua mengine, nalo ni tairi. Fremu inameza tairi ya upana gani? Anza hapo.

Nakwambia hivi kwa sababu hizi baiskeli za greveli, yaani za njia za changarawe, wanazitengeneza wakiwa na picha ya changarawe ya Ulaya kichwani, changarawe iliyoshindiliwa ikalala vizuri, pale tairi ya mm 38 unateleza nayo siku nzima huna habari. Sasa we ukitoka lami ya Monduli ukaingia njia za mifugo unakutana na rasta (ile mikunjo ya barabara ya vumbi), mawe yaliyolegea, na lile vumbi laini la kama unga linaloficha mashimo, na masika yakianza udongo wa mbuga ule mweusi unaganda kwenye tairi kama ugali kwenye mwiko, unajaa kwenye uma mpaka gurudumu linagoma kuzunguka unaibeba baiskeli begani. Kwa kilo zako 84 ukiongeza maji na begi tunaongelea kama kilo 90 juu ya magurudumu mawili. Mi kwako sishuki chini ya mm 45. Fremu ambayo mwisho wake ni mm 40 iache hata kama ina vifaa vya bei, maana vifaa unaweza kuja kubadilisha taratibu ila nafasi ya tairi huiongezi.

Kwa mifano unayoweza kuipata kwa hela yako Ujerumani, Canyon Grizl ya alumini inameza mpaka mm 50, Specialized Diverge ya alumini (ile E5) inaenda 47, Cannondale Topstone ya alumini baadhi zinaenda 45. Cube Nuroad nayo utaiona kila kona maana Cube ni kampuni ya kulekule, ila hiyo braza aangalie kwanza ni ya mwaka gani na inachukua tairi gani. Nyingi za miaka ya nyuma zinaishia 38 au 40. Na kuna njia rahisi ya kukagua bila kumuuliza muuzaji chochote, braza aende na alenki namba 6 (ya unene wa mm 6), aipitishe kati ya tairi na fremu kule nyuma karibu na krenki, kushoto na kulia. Ikipita bila kukwaruza na tairi iliyofungwa imeandikwa 45, umemaliza. Kama iliyofungwa ni 40 na alenki inapita kwa kubanwa, basi ukifunga 45 zinabaki kama mm 3.5 tu kila upande, kwa tope letu haitoshi, hata muuzaji aape.

Haya, kaboni ya mtumba. Kwa bajeti yako zipo, na picha zake zinavutia kweli, ila mi nakushauri uiache. Sio kwamba kaboni ni mbovu, kaboni ikitunzwa inadumu tu, tatizo ni kwamba ufa wake unaweza kuwa ndani na nje rangi inang'aa, na braza wako anainunua kwenye ua wa mtu jioni akiwa na haraka, hana muda wa kugonga gonga fremu kusikiliza sauti. Halafu inaingia kwenye boksi, inarushwa na wapakiaji wa ndege, inafika KIA. Ikiwa na ufa hapa fundi wa kuirudishia nyuzi za kaboni utamtafuta wapi? Alumini ikigongwa inabonyea unaona kwa macho. Chukua fremu ya alumini yenye uma wa kaboni, karibu zote za daraja hilo ziko hivyo, zina kilo kama 10 au 10 na nusu, na hiyo kilo moja au moja na nusu unayopoteza dhidi ya kaboni we mwenyewe unaibeba kwenye chupa mbili za maji. Chuma pia sio mbaya, Marin wana Nicasio ya chuma, ni nzito ila chuma kikikatika hata mchomeleaji mzuri wa mtaani anaweza kukurudisha nyumbani.

Sproketi. Hapa watu wanabishana kishabiki, mi napenda tuhesabu. Chukua meno ya mbele madogo kabisa gawa kwa meno ya nyuma makubwa kabisa, ukipata namba chini ya 1 maana yake mguu ukizunguka mara moja gurudumu la nyuma linazunguka chini ya mara moja, ndo gia ya mlima hiyo. Baiskeli ya mbio za lami iliyobandikwa jina la greveli, ile yenye gia za Shimano Claris, meno 50/34 mbele na 11-32 nyuma, inakupa 34 kwa 32, kama 1.06. Sproketi moja ya meno 40 na kaseti (lile fungu la sproketi za nyuma) ya 11-42 inakupa 0.95. GRX 400, gia za Shimano za greveli, yenye 46/30 mbele ukiifunga kaseti ya 11-36 inakupa 0.83. Unaweza kuona ni tofauti ndogo, sasa ipeleke Monduli Juu pale panaposimama. Tuseme umechoka, miguu inazunguka mara 60 kwa dakika. Ile ya kwanza inakulazimisha uende kilomita 8.4 kwa saa, ya pili 7.5, ya tatu 6.6. Kama mwili wako una nguvu ya 6.6 tu, kwenye ile ya kwanza unashuka unasukuma, hakuna namna nyingine. Na kusukuma kwenyewe sio aibu ila hela umetoa ya nini.

Kwa hiyo kwako wewe mbili mbele, 46/30, spidi 10. Unaenda kazini kwenye lami kila siku na unapanda mlima wikiendi, unahitaji pande zote mbili. Sproketi moja ina raha yake kwenye tope, vitu vichache vya kuharibika, na ukiipata yenye kaseti kubwa kabisa ya 11-48 kama ile ya microSHIFT Advent X hesabu inabadilika, 40 kwa 48 ni 0.83 ileile, hapo chukua bila wasiwasi. Ninayoikataa ni sproketi moja yenye kaseti ndogo. Na spidi 10 naitaja makusudi, watu wanaiona ya zamani, ila cheni na kaseti zake ni rahisi na zinapatikana, hata kaseti ya mtb ya spidi 10 ya 11-36 inaingia. Spidi 12 ni tamu lakini siku kaseti ikiisha utakumbuka bei yake.

Kingine cha GRX, na hii itamsaidia braza kwenye matangazo. Shimano waliitoa 2019, kwa hiyo ukiona GRX ujue hiyo baiskeli ni ya 2019 kuja huku hata muuzaji asiposema mwaka, na GRX ya spidi 12 ni ya 2023 kuja huku. Halafu derela yake (kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni) ina klachi, kiswichi kidogo pembeni kinachokaza mkono wa derela usicheze cheze, kwenye rasta cheni haipigi fremu wala haichomoki hovyo. Claris na Sora hazina hicho kitu, ukishuka kasi barabara ya vumbi utasikia cheni inavyolia ta-ta-ta mpaka chini.

Sasa breki, na hapa nisikilize vizuri maana ndo sehemu watu wa huku tunaharibu vitu vya bei. Breki za mafuta ni nzuri, kilo 84 mteremko wa Monduli Juu mikono imechoka, unavuta kwa kidole kimoja au viwili inashika. Lakini breki za mafuta za Shimano zinatumia mafuta madini (mineral oil). Fundi wako mzuri tu, ambaye mikono yake imezoea pikipiki na gari, akikuta breki imelegea anachukua chupa ya DOT, mafuta ya breki za gari, aliyonayo anajaza, na DOT ikiingia mule inavimbisha mipira ya ndani, ndani ya muda mfupi breki inavuja au inaganda, na hiyo husafishi, unabadilisha vifaa vyenyewe. Cha kuchekesha ni kwamba SRAM, kampuni nyingine ya vifaa, kwenye breki za usukani uliokunjwa wanatumia DOT hiyohiyo, 5.1 au 4, ambayo iko kila duka la spea za magari, ila kule nako ukiweka mafuta madini unaua vilevile. Kwa hiyo ukichukua ya mafuta mwambie braza abebe chupa ndogo ya mafuta madini ya Shimano na kile kikombe cha kujazia na bomba lake, halafu we chukua kalamu ya rangi andika kwenye mshikio wa breki kabisa, HAPANA DOT. Sitanii.

Breki za waya zina daraja mbili. Zile za kawaida pedi moja tu ndo inasogea, inasukuma diski ikagonge pedi ya upande wa pili iliyotulia, zinahitaji kurekebishwa kila mara na kwa uzito wako sizipendi. Halafu kuna zinazosukuma pedi zote mbili kwa pamoja, TRP Spyre ndo maarufu, hizo zinashika vizuri na waya ukikatika unapata mwingine hata duka la baiskeli za kawaida. Ningekuwa nakuchagulia kati ya Spyre na mafuta ya Shimano, baiskeli zote zikiwa sawa, ningeangalia unaishi karibu na fundi gani. Arusha mjini wapo wanaojua mafuta, chukua ya mafuta. Ungekuwa Engaruka au Longido ningekwambia waya bila kufikiria mara mbili.

Kwenye fremu akague vitu viwili tu vya kiufundi. Eksoli iwe ile nene ya mm 12 inayopita katikati ya habu na kufungwa kwa nyuzi, sio ile nyembamba ya kubana kwa kishikio, kwa sababu diski ikikaa nje ya mstari kidogo tu inakwaruza pedi safari nzima. Na beringi za krenki ziwe za kufunga kwa nyuzi, sio za kugongewa ndani ya fremu. Za kugongewa vumbi likiingia zinaanza kulia kila ukikanyaga na kuzitoa kunataka zana maalumu, na penye zana pasipo fundi anayeijua wanatumia nyundo. Tundu za kufungia kerea nazo hakikisha zipo kama unabeba laptopu kwenda kazini, mgongo wako utashukuru.

Tunarudi kwenye tairi, maana kuna mbigili. We upo Arusha unaijua, kiangazi ile njia yoyote ya pembeni imejaa, ukichanganya na miiba ya migunga ukitumia tyubu utatumia wikiendi nzima ukiziba pancha. Funga tyublesi. Tairi inakaa kwenye ringi bila tyubu, ndani unamwaga silanti, ile gundi ya maji maji, kwa tairi ya 45 kama mililita 80 au 90, mwiba ukiingia na kutoka gundi inakimbilia kwenye tundu inaziba wakati unaendesha, mara nyingi hujui hata kama ulichomwa mpaka uje kuona alama nyeupe juu ya tairi. Ila inakauka. Kwenye vitabu wanaandika miezi 2 mpaka 6, kwa joto na ukavu wa huku we hesabu ule upande wa 2, kila baada ya miezi miwili fungua valvu chungulia au tikisa gurudumu usikilize kama kuna maji, ongeza. Wanaosema tyublesi ni uongo wengi wao silanti yao ilishakuwa plastiki muda mrefu.

Siku ya kwanza kuipandisha tairi kwenye ringi pampu ya mkono inaweza kugoma, inataka upepo mwingi kwa mkupuo. Nenda kwa jamaa wa pancha za magari, ana kompresa. Ila bomba lake ni la valvu ya gari na valvu zako zitakuwa nyembamba za Presta, kwa hiyo uwe na adapta ya shaba ya kuzungushia juu yake, kitu cha bei ya soda, bila hiyo utarudi nyumbani na tairi imelala. Na usimwachie ajaze anavyojua, yeye kazoea Noah na Coaster, simama hapo na kipimo chako. Pembeni ya tairi na kwenye ringi kumeandikwa mwisho, usivuke. Ikishapiga ule mlio wa kukaa sawa punguza, kwa uzito wako anza na psi 32 mbele na 36 nyuma kwenye 45, halafu endesha uone. Ringi ikigonga mawe ongeza mbili, ikidunda dunda kwenye rasta punguza mbili. Tairi yenyewe isiwe ile nyepesi ya mashindano, chukua yenye ubavu ulioimarishwa, Schwalbe G-One au Panaracer GravelKing SK zinapatikana kirahisi kule ila braza aangalie toleo lenye ubavu huo, mawe yetu yanakata ubavu na ubavu ukikatika vibaya silanti haisaidii kitu.

Kama unaota kuja kushiriki Migration Gravel Race kule Maasai Mara, ambayo ilianza 2021 na ni siku nne za vumbi na mawe, maandalizi yake ni haya haya, tairi na gia za mlima.

Sasa hela. Usimpe braza euro 1,200 zote kwenye baiskeli. Mwisho 950, ikizidi sana 1,000, na kwa hiyo mi ningetafuta iliyotumika kwenye Kleinanzeigen, mtandao wa matangazo ya mitumba wa kule, ya mtu aliyenunua wakati wa korona akaendesha kidogo akaiacha stoo, wako wengi. Mpya ya bei hiyo mara nyingi itakuja na Claris na breki za waya za pedi moja, yaani yale niliyokwambia ukwepe. Zinazobaki ni za tairi, silanti, valvu, na vitu vidogo ambavyo Arusha hutavipata. Cha kwanza kwenye orodha ya braza ni henga, kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia derela ya nyuma kwenye fremu. Kinatengenezwa kikatike au kipinde kabla fremu haijaumia, na kila fremu ina chake, huwezi kuazima kwa jirani. Abebe viwili. Spoku sita za urefu sahihi pia, aangalie magurudumu yana spoku 28 au zaidi, zile za 24 kwa kilo zako na mawe yetu utakuwa kwa fundi kila mwezi. Na pedeli, baiskeli nyingi za daraja hili zinauzwa bila pedeli na mtu anashangaa boksi likifunguliwa. Hizo usihangaike kuagiza, nyuzi ni zilezile za baiskeli za kawaida, utanunua hapa.

Saizi kwa sm 178 mara nyingi ni 54 au 56, kwa Canyon ni M, ila urefu wa mwili peke yake unadanganya. Simama peku ukutani, bana kitabu kati ya miguu kama vile umekaa kwenye siti, pima kutoka juu ya kitabu mpaka chini, hiyo namba ulinganishe na jedwali la kampuni. Ukijikuta katikati ya saizi mbili kwa njia za kwetu chukua ndogo, unapata nafasi ya kuruka chini haraka ukikwama.

Akifika kuiona, kabla ya kulipa anyanyue gurudumu la mbele alizungushe na asikilize habu, ashike breki ya mbele asukume baiskeli mbele nyuma aone kama usukani unacheza, apime cheni kama imevutika, cheni ikiwa imekwisha ajue na kaseti inaelekea hukohuko, ashushe bei. Akiipakia na kutoa magurudumu aweke kipande cha plastiki au kadi ngumu katikati ya pedi za breki, maana mtu akibonyeza breki diski haipo pistoni zinatoka na pedi zinabanana. Derela ya nyuma aifungue aifunge kwa ndani ya fremu kwa utepe, risiti au maandishi ya mauziano akae nayo mfukoni kwa ajili ya watu wa forodha, na boksi alipime lisivuke kilo zilizoandikwa kwenye tiketi yake, baiskeli na boksi mara nyingi haifiki 16 kwa hiyo tairi na spea zako zinaweza kuingia humohumo.

Akipata tangazo nitumie kabla hajalipa. Nataka picha tatu tu, upande wa cheni nzima, ile nafasi ya tairi ya nyuma kutokea chini, na breki ya mbele kwa karibu.